Muziki wa giza na nyimbo tulizozipigia makofi

Siku ya tano moja, katika kipindi chetu cha jioni ambapo wasikilizaji hupiga simu na kuuliza maswali, mama mmoja wa kartie ya Nyakasanza aliniuliza: «Mwandishi, kuna muziki wa Wazungu ambao waimbaji wake wanalia kama watu wanaochinjwa. Mtoto wangu anausikiliza usiku. Ni muziki wa shetani, ndiyo ama hapana?» Zilibaki dakika mbili kabla ya habari. Nikajibu: «Ndiyo mama, huo ni wa shetani, umchunge mtoto wako.» Kisha nikaweka tangazo la duka la mabati.

Majuma mawili baadaye mama huyo alifika mwenyewe kwenye mlango wa redio. Hakuja kunishukuru. Baba ya kijana alikuwa amenisikia. Alivunja simu ya mtoto kwa jiwe, akachoma triko yake nyeusi, kisha wakampeleka kwenye chumba cha maombi, ambako alikaa siku tatu bila kula ili «roho» imtoke. Kijana ana miaka 17. Alipotoka hakurudi nyumbani. Anaishi kwa mjomba wake upande wa Mudzipela na masomo ameyaacha. Mama akaniambia: «Ulisema kwa kinywa chako. Rudia kwa kinywa hicho hicho, lakini safari hii ujue kwanza unachosema.»

Tangu siku hiyo nimesikiliza muziki huo, nimesoma historia yake, na nimeenda kumwona kijana. Wasomaji wetu, hili ndilo jibu nililopaswa kutoa. Halitoshi dakika mbili, mnivumilie.

Muziki wenyewe ni upi

Sisi Wakongomani tukisema okestra, tunafikiria OK Jazz ya Franco ama Afrisa ya Tabu Ley: magitaa, ngoma, tarumbeta na waimbaji waliovaa vizuri. Kwa Wazungu, okestra ni kundi la watu hamsini, hata themanini, wanaopiga fidla, filimbi na tarumbeta wakisoma karatasi, na mtu mmoja anawaongoza kwa kijiti. Ndiyo muziki wa kanisa kubwa na wa sinema za vita.

Sasa chukua okestra hiyo, uichanganye na magitaa ya umeme yanayonguruma, ngoma zinazokwenda mbio kuliko sebene yoyote uliyoisikia, na mwimbaji anayekwaruza koo badala ya kuimba. Hiyo ndiyo metali nyeusi ya simfonia. Mara ya kwanza nilizima baada ya dakika moja. Mara ya tatu nilianza kusikia kwamba chini ya kelele kuna wimbo, na wimbo wenyewe ni wa huzuni.

Weusi unaotajwa hapo ni weusi wa usiku, si wa ngozi. Jina lilitoka kwa kundi la Venom, la mji wa Newcastle katika Uingereza, ambalo mwaka 1982 lilitoa albamu iitwayo Black Metal, yaani metali nyeusi. Kwa Venom shetani alikuwa vazi la jukwaani, kama vile mcheza sinema anavyovaa pembe na kuzivua akirudi nyumbani. Kundi la Bathory la Sweden lilifuata. Kisha mambo yakafika Norway, na huko vijana fulani waliamua kwamba hawataki tena mchezo.

Norway: pale maneno yalipogeuka moto

Kundi la Mayhem lilianza Norway mwaka 1984. Nchi hiyo ilikuwa na amani na mafuta ya petroli, na kanisa la Kilutheri lilikuwa kanisa la serikali. Vijana waliona kila kitu kimepangwa tangu kuzaliwa mpaka kuzikwa. Wakaanza kuimba juu ya baridi, msitu, usiku, miungu ya mababu waliokuwapo kabla ya wamisionari, kifo, na ndiyo, juu ya shetani pia. Walijipaka uso rangi nyeupe na nyeusi kama maiti. Mwaka 1991 mwimbaji wa Mayhem, aliyejiita Dead, alijiua. Kiongozi wa kundi, Øystein Aarseth aliyejulikana kama Euronymous, alifungua duka la muziki mjini Oslo na kuliita Helvete, maana yake jehanamu.

Sitaficha yaliyofuata, kwa sababu wachungaji wanaosema muziki huu una damu hawasemi uongo mtupu. Tarehe 6 Juni 1992 kanisa la mbao la Fantoft, karibu na mji wa Bergen, liliteketezwa. Lilikuwa limejengwa katika karne ya 12. Makanisa mengine yakachomwa. Mwezi wa nane mwaka huo, mpiga ngoma wa kundi la Emperor aliua mtu katika mji wa Lillehammer. Tarehe 10 Agosti 1993, Varg Vikernes, ambaye alikuwa akipiga muziki peke yake kwa jina la Burzum, alimuua Euronymous kwa kisu. Mwaka 1994 mahakama ilimpa Vikernes miaka 21 ya gereza kwa mauaji hayo na kwa kuchoma makanisa. Norway haikuwa na adhabu kubwa kuliko hiyo.

Sheria ya Norway iliwahukumu watu kwa moto na kwa kisu. Haikuhukumu gitaa. Vikernes alitoka mwaka 2009, akahamia Ufaransa, na mwaka 2014 mahakama ya huko ilimhukumu tena, safari hii kwa kuchochea chuki dhidi ya Wayahudi na Waislamu. Kosa halikuwa katika nyimbo zake. Lilikuwa katika maandishi ya kawaida aliyoyatoa kwenye intaneti, ya kuwaelekezea kidole watu wa dini fulani. Mkumbuke jambo hili, nitalirudia.

Jinsi okestra ilivyoingia

Emperor, kundi lile lile ambalo watu wake wengine walikwenda gerezani, lilitoa mwaka 1994 albamu ya In the Nightside Eclipse. Ndani yake kinanda cha umeme kinaiga kwaya na fidla, na maneno yanahusu milima, mwezi na usiku usioisha. Wengi huitaja kama moja ya kazi zilizofungua njia ya simfonia. Cradle of Filth wa Uingereza walichukua njia ya hadithi: mwaka 1998 walitoa albamu nzima juu ya Elizabeth Báthory, bibi tajiri wa Hungaria aliyeshtakiwa kwamba aliua wasichana, aliyekufa mwaka 1614. Huo ni muziki wa kutisha kama hadithi za majini tulizosimuliwa jioni kando ya moto. Unatetemeka, kisha unalala.

Dimmu Borgir wa Norway walikwenda mbali zaidi. Jina lao ni la mahali penye mawe ya volkano katika Iceland, na maana yake ni maboma ya giza. Mwaka 2003 walitoa Death Cult Armageddon, wakisaidiwa na okestra ya Prague, na humo waliimba juu ya mwisho wa dunia. Mwaka 2011 walipiga mjini Oslo pamoja na okestra ya redio ya taifa ya Norway. Mimi kama mtu wa redio nilisimama hapo. Nchi iliyoona makanisa yake yakiungua, baada ya chini ya miaka 20, ilitoa okestra ya redio yake ipige muziki uliotoka katika kizazi kile kile. Walikuwa wamejifunza kutenganisha mwenye kiberiti na mwenye wimbo.

Kuna jambo jingine ambalo wapendwa wa makanisani hawajaambiwa. Mwaka 1994 Mkristo mmoja wa Australia, Jayson Sherlock, alitoa peke yake albamu ya metali nyeusi kwa jina la Horde, akimsifu Kristo kwa sauti ile ile ya kukwaruza. Kundi la Antestor la Norway pia lilipiga muziki wa aina hiyo likiwa la Kikristo. Kelele ni moja, maneno yanapingana. Basi mtu akikuambia kwamba shetani anakaa ndani ya gitaa lenyewe, muulize alikuwa wapi siku ile Sherlock alipokuwa anarekodi.

Hata karibu nasi upo

Kijana hakuupata muziki huu kutoka Oslo. Aliupata kutoka Kampala, kwa binamu yake aliyekwenda huko kusoma na akarudi na kadi ya simu iliyojaa nyimbo. Kampala kuna kundi la Vale of Amonition tangu mwaka 2009, linalopiga metali ya polepole na nzito. Nairobi kuna makundi ya metali kwa miaka mingi sasa.

Linalojulikana zaidi ni Duma, la vijana wawili, Martin Khanja anayejiita Lord Spikeheart, na Sam Karugu. Sisi waswahili tukisikia duma tunafikiri mnyama mwenye mbio. Wao wamelitoa katika Kikuyu, na huko linamaanisha giza. Albamu yao ya mwaka 2020 ilitolewa na kampuni ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Haina fidla, ni mashine, ngoma na kilio. Mwaka 2024 Lord Spikeheart alitoa albamu yake mwenyewe, The Adept, akaitoa kwa heshima ya Muthoni wa Kirima, bibi wa ukoo wake. Mama huyo alipigana msituni na Mau Mau dhidi ya Waingereza, na ndiye mwanamke aliyefikia cheo cha field marshal katika jeshi hilo. Alifariki mwaka 2023.

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa tofauti. Kijana wa Norway alipotaka giza, ilimbidi alitafute katika hadithi za kale na usiku wa baridi. Kijana wa Nairobi alilikuta katika ukoo wake: msitu, kambi, watu walionyongwa na wakoloni. Kwa huyu kilio si vazi la jukwaani.

Na sisi Kongo, je, tuliwahi kuogopa wimbo wa kifo? Mwaka 1966 Tabu Ley, wakati huo akiitwa Rochereau, aliimba Mokolo nakokufa, yaani siku nitakapokufa. Ndani yake maskini na tajiri, kila mmoja anaiwaza siku yake ya mwisho. Wazee wetu waliucheza taratibu, wawili wawili, na hakuna aliyempeleka Rochereau kwenye maombi. Kusema juu ya kifo hakujawahi kuwa dhambi kwetu. Tulichozoea ni kukisema kwa sauti tamu.

Nyimbo za mwaka 2003

Sasa nirudi nyumbani. Albamu ile ya Dimmu Borgir juu ya mwisho wa dunia ilitoka mwezi wa tisa mwaka 2003. Sisi wa Bunia hatukuisikia. Tulikuwa tumetoka kuuona mwisho wa dunia bila okestra.

Nilikuwa mtoto wa miaka 12. Tarehe 6 Mei 2003 askari wa Uganda walimaliza kuondoka, na mara moja wanamgambo wakaanza kupigania mji kartie kwa kartie. Maelfu tulikimbilia uwanja wa ndege na kambi ya MONUC. Tarehe 30 Mei Umoja wa Mataifa uliamua jeshi la Ulaya lije, likaongozwa na Wafaransa, likaitwa Artemis, likakaa mpaka tarehe 1 Septemba. Mashirika ya haki za binadamu yanakadiria kwamba zaidi ya watu 50,000 walikufa katika vita vya Ituri tangu mwaka 1999.

Lakini mimi nataka kusema juu ya nyimbo. Kabla ya mwezi ule wa tano, asubuhi mapema, wanamgambo walikuwa wanapita barabarani wakikimbia na kuimba. Mmoja anaanzisha, wengine wanaitikia. Kati yao walikuwamo kadogo, watoto kama sisi, bunduki zikiwaburuta. Nyimbo zilikuwa tamu. Zilikuwa na mdundo wa kuchezesha miguu. Sisi watoto tulisimama kando ya barabara tukapiga makofi, tukajifunza kuitikia. Ndani ya maneno kulikuwa na kabila la jirani, na kulikuwa na watakalotendewa. Tuliimba bila kufikiri. Sitataja lilikuwa kundi gani, kwa sababu kila upande ulikuwa na nyimbo zake, na wasomaji wangu wa umri wangu, wa upande wowote, wanazikumbuka mpaka leo.

Tarehe 14 Machi 2012, mahakama ya La Haye ilitoa hukumu yake ya kwanza tangu iundwe, na ilikuwa juu yetu: Thomas Lubanga alikutwa na hatia ya kuwaingiza watoto wa chini ya miaka 15 katika jeshi na kuwatumia vitani. Alipewa miaka 14. Wale watoto hawakuvutwa msituni na muziki wa kutisha. Wengine walichukuliwa kwa nguvu, na wengine, ninavyokumbuka mimi, walifuata mstari uliokuwa unaimba vizuri.

Mwimbaji aliyehukumiwa Arusha

Kwenye kozi ya uandishi wa habari tulifundishwa habari za redio RTLM ya Rwanda. Ndani ya somo hilo kuna mwimbaji, Simon Bikindi. Alikuwa mtunzi aliyependwa sana, kiongozi wa kundi la ngoma za asili la Irindiro, na mfanyakazi wa wizara ya vijana na michezo. Muziki wake ulikuwa wa harusi na sherehe. Mwaka 1994 RTLM ilikuwa inapiga nyimbo zake wakati watu wanauawa.

Tarehe 2 Desemba 2008 mahakama ya kimataifa ya Arusha ilimpa miaka 15. Majaji waliona kwamba alitunga nyimbo tatu kwa nia ya kueneza chuki dhidi ya Watutsi. Hata hivyo hawakumfunga kwa nyimbo, kwa sababu hawakupata ushahidi wa kutosha kwamba alizitunga ili watu wauawe, wala kwamba ndiye aliyezipeleka redioni mwaka 1994. Walimfunga kwa jambo jingine. Mwishoni mwa mwezi wa sita mwaka huo, katika upande wa Gisenyi, ng'ambo tu ya Goma, alipita barabarani katika gari lenye kipaza sauti akiwahimiza watu waue majirani wao. Alikufa mwaka 2018.

Tazameni basi. Vikernes wa Norway na muziki wake wa kutisha, Bikindi wa Rwanda na muziki wake wa harusi. Mahakama ya Ufaransa na mahakama ya Arusha hazikuulizana, lakini zilishika mahali pamoja: pale mtu alipoacha kuimba, akachukua kalamu ama kipaza sauti, akawaonyesha wengine nani wa kuchukiwa.

Na mimi siku ile ya tano nilikuwa na nini mkononi? Kipaza sauti. Na nilimwonyesha nani? Mtoto wa miaka 17 ambaye sikuwahi kumwona.

Kijana alichoniambia

Nilimkuta kwa mjomba wake akitengeneza pikipiki. Familia yao ilikimbia kutoka Djugu mwaka 2019, naye akiwa mdogo. Yaliyowapata njiani hakunisimulia, na mimi sikumbana. Nilimuuliza tu kwa nini anapenda kelele zile. Akafuta mikono kwa kitambaa, akasema: «Yaya, muziki mwingine wote unaniambia nifurahi. Kanisani wananiambia nifurahi. Kwenye baa wananiambia nifurahi. Huu peke yake hauniambii nifurahi.»

Nilimuuliza kama anaelewa maneno. Akasema machache tu. Ni Kiingereza, na hata Waingereza wenyewe hawayasikii vizuri. Anachokisikia ni kwamba kuna mtu analia kwa nguvu na hakuna anayemwambia anyamaze.

Jibu langu kwa mama wa Nyakasanza

Mama, uliniuliza ndiyo ama hapana. Kuna watu waliopiga muziki huo wakamtukuza shetani, na wachache wao walichoma makanisa na kuua. Kuna wengine wanaoupiga kwa jina la Yesu. Kuna Mkenya anayeupiga kumkumbuka bibi yake. Kwa hiyo jibu la neno moja halipo, na mimi nilikosa kulitoa.

Kama mzazi una haki ya kuuliza. Muulize mtoto wimbo unasema nini. Muulize kama unamtaja mtu, kabila ama dini ya kuchukiwa. Ukiona halali usiku, hali, anasema juu ya kujiua, hapo kaa naye na utafute msaada wa watu wa afya, awe anasikiliza metali ama nyimbo za kwaya. Lakini usimpime kwa rangi ya triko. Na maswali hayo hayo uyaulize juu ya nyimbo tamu anazozileta nyumbani, hasa majira haya ambapo wapo bado wanaopita vijijini wakiwaimbia vijana waingie msituni.

Juma lililopita nilisoma sehemu ya maandishi haya katika kipindi kile kile, saa ile ile. Nilisema wazi kwamba nilijibu bila kujua. Baba ya kijana alipiga simu nje ya matangazo. Hakusema kwamba amekubali. Aliuliza tu bei ya simu kama ile aliyoivunja, kisha akakata.

Siku ya Mungu nitapita Mudzipela kumwambia kijana.

Kutoka Bunia, ni mimi mwandishi wenu.